Shoka Hili Lilikata Nini?

Mzee hakulishika shoka langu. Aliliacha palepale juu ya gazeti nililolifungia, akavaa miwani, akakunja mikono kifuani, akalitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akauliza swali moja tu.

"Lilikata nini?"

"Watu," nikajibu bila kusita.

Alicheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa nimelinunua asubuhi ileile ya Jumapili, kwenye soko la vitu vikuukuu nje kidogo ya Portsmouth, kwa fedha ambazo mke wangu hajaambiwa kiasi chake hadi leo. Muuzaji aliniapia kwamba ni shoka la manowari, la enzi za Nelson, yule amiri wa Kiingereza, lililoshuhudia mengi. Upande mmoja makali, upande wa pili mwiba, kutu tele, mpini mweusi tii. Nilitaka ushahidi gani tena? Mzee akawasha tochi, akailaza karibu na chuma ili mwanga upite juujuu, na hapo nikauona mstari mwembamba ulionyooka, umezunguka kichwa kizima kama mshono wa suruali. Ni alama inayobaki pale chuma cha moto kinapobanwa na mashine kati ya kalibu mbili. Mhunzi wa karne ya 18 hakuwa na mashine hiyo. Alikuwa na fuawe, nyundo na macho yake. Shoka langu lilikuwa la zimamoto, tena la juzijuzi.

"Usione haya," Mzee akasema. "Hata hayo unayoyatafuta, kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa hiyohiyo."

Namwita Mzee kwa mazoea ya nyumbani. Ni Mwingereza, Kiswahili hajui, lakini nilipomweleza maana ya neno hilo alilipenda, akakataa niache kulitumia. Maisha yake ya kazi yote alikuwa seremala wa gudi, akibadilisha mbao zilizooza kwenye meli kongwe. Sasa ana chumba nyuma ya nyumba yake, chenye meza ndefu, jiliwa, taa mbili na mashoka yapatayo thelathini yaliyolala kwenye rafu, kila moja na karatasi yake ndogo. Nimekuwa nikienda kwake tangu siku ile ya aibu yangu. Siendi kununua. Ninakwenda kumtazama mtu anayejua kutazama.

Shoka la kweli la manowari ni dogo. Kichwa kina ubapa mpana kiasi upande mmoja, na upande wa pili mwiba wenye pande nne, mara nyingi umeinama kidogo kuelekea mkononi. Mpini ni mfupi, wa kutosha mkono mmoja au miwili iliyobanana. Kwenye mengi kuna mikanda miwili ya chuma inayoshuka kutoka kichwani ikaukumbatia mpini, kulia na kushoto, ili upanga wa adui usiukate na kichwa kisichomoke katikati ya kazi. Mengine yana kulabu bapa ubavuni ya kuyatundika kwenye mshipi, kwa sababu baharia anahitaji mikono yote miwili kupanda.

Kwa Kiingereza na Kifaransa linaitwa shoka la kuvamia meli, na nadhani jina hilo ndilo linaloharibu macho ya wakusanyaji wengi. Ukisikia "kuvamia" unaona damu, na ukishaona damu huoni kitu kingine. Lakini fungua kamusi ya mambo ya bahari ya William Falconer, iliyochapwa London mwaka 1769. Huyu alikuwa baharia kweli, na mshairi pia. Anasema shoka hilo lilitumika zaidi kukata kamba za meli ya adui anayejaribu kuvamia, na ndipo anapoongeza kwamba pengine mabaharia waliipigilia miiba yake ubavuni mwa meli iliyo juu kuliko yao, mmoja juu ya mwingine, wakapanda kama ngazi. Kamba kwanza, ngazi baadaye. Falconer mwenyewe, ambaye shairi lake lililompa jina lilihusu meli kuzama, aliondoka rasi ya Afrika Kusini mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1769 ndani ya manowari Aurora, akielekea India. Meli haikuonekana tena. Huenda imo mahali fulani katika Bahari ya Hindi, bahari ya kwetu, pamoja na mashoka yake yote.

Kwa nini kamba? Manowari ya mbao ilikuwa msitu wa kamba. Milingoti mitatu, foromali zake, matanga yake, vyote vilishikwa na kamba za katani zilizopakwa lami, nyingine nene kama paja la mtoto. Sasa piga picha mlingoti umevunjwa na risasi ya mzinga. Hauanguki ukaondoka. Unaangukia baharini ukiwa bado umefungwa na kamba mia, ukageuka nanga usiyoitaka: meli haigeuki, matanga yaliyolowa yameziba midomo ya mizinga ya upande ule, na adui anakuja taratibu. Hapo aliyehitajika zaidi melini alikuwa mtu mwenye shoka dogo lenye makali. Mpiga upanga angesubiri.

Na moto. Meli hizo zilikuwa mbao kavu, lami, turubai na baruti chini ya dari moja. Usiku wa tarehe 1 Agosti 1798, Waingereza walipopigana na Wafaransa katika ghuba ya Aboukir huko Misri, meli ya amiri wa Kifaransa iliyoitwa L'Orient, yenye mizinga zaidi ya 100, ilishika moto, na moto ulipofika kwenye ghala la baruti ikalipuka kwa kishindo kilichowafanya wapiganaji wa pande zote mbili wanyamaze kwa muda. Kila baharia aliyesikia habari ile alijua thamani ya ule mwiba wa nyuma: unachimbua risasi ya moto iliyozama kwenye ubao kabla haijauwasha, unabandua ubao unaowaka, unaburuta kitu kizima hadi kwenye ukingo na kukitupa baharini. Katika manowari za Kiingereza watu wa kila mzinga walipangiwa kazi ya pili mapema: huyu wa kuvamia, yule wa matanga, yule wa moto. Shoka liliweza kuangukia mkononi mwa yeyote kati yao.

Sisemi kwamba halikumwaga damu. Tarehe 1 Juni 1813, nje ya Boston, manowari Shannon ya Uingereza iligongana ubavu kwa ubavu na Chesapeake ya Marekani. Kapteni Philip Broke akaongoza watu wake kuruka upande wa pili, na baada ya kama robo saa tangu mzinga wa kwanza kulia, mambo yalikuwa yamekwisha. Waliokufa na kujeruhiwa pande zote mbili walizidi 200, na Broke mwenyewe alipasuliwa fuvu kwa upanga. Katika robo saa ya namna hiyo mtu hupiga kwa kilichomo mkononi. Lakini baharia aliyetumikia miaka kumi pengine alikutana na robo saa kama ile mara moja, au asikutane nayo kabisa. Miaka mingine yote shoka lilikaa kwenye rafu yake, likitolewa mazoezini, likipakwa mafuta, likihesabiwa.

Ndiyo maana ya lile swali la Mzee. Makali yaliyotumiwa kwa kamba huchakaa kwa namna yake. Kamba haiwezi kuitia feleji pengo, huilamba. Ukitembeza ukucha kwenye makali ya shoka lililofanya kazi hiyo na kunolewa kwa tupa na jiwe miaka mingi, unasikia mstari usio na meno ila umepinda kidogo, umeliwa zaidi kwenye kona ya juu, pale pigo linapoanzia. Makali yaliyopiga msumari au chuma huwa na mapengo makubwa yenye midomo iliyoviringika. Na yako makali yenye mapengo mazuri mno, yamepangana, kila moja na kina kile kile. Hayo yametiwa na mtu aliyetaka kumuuzia mtu kama mimi hadithi ya vita. Mzee huyaonyesha kwa kidole kidogo, hasemi kitu, anakuacha uyahesabu mwenyewe.

Jambo la pili analolitazama ni jinsi chuma kilivyotengenezwa, na hapa nilijikuta kwa mara ya kwanza nina la kuchangia. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Nungwi, Unguja. Shoka lake lilikuwa la aina yetu ya zamani: mpini wenye kichwa kinene kama rungu, na ulimi wa chuma umepenyezwa ndani yake. Kila pigo linazidi kuukaza. Shoka la Ulaya ni kinyume chake: chuma ndicho chenye tundu, na mpini ndio unaopenya. Nilipomweleza Mzee tofauti hiyo alinyamaza kidogo, kisha akanigeuzia shoka moja la Kifaransa, akanionyesha tundu lake kwa ndani. Pale ndani, mbali na msasa na mikono ya wasafishaji, kulikuwa na mstari wa mshazari, kama mkunjo wa ngozi. Mhunzi alichukua bapa la chuma cha kufua, akalikunja juu ya kalibu kupata tundu, akazipiga ncha mbili pamoja kwa moto na nyundo mpaka zikashikana. Kati ya ncha hizo, upande wa makali, akachomeka kipande cha feleji, kwa kuwa chuma cha kufua ni laini na hakishiki makali, na feleji ilikuwa ghali mno kutengenezea kichwa kizima.

Feleji hiyo mara nyingi inaonekana ukijua pa kutazama. Kutu haili chuma na feleji kwa namna moja. Chuma cha zamani kimejaa nyuzinyuzi za mavi ya chuma zilizovutwa na nyundo, hivyo kikiliwa sana kinaonyesha mistari kama ya ubao wa mvule. Feleji huliwa kwa vishimo vidogo vya mviringo. Mahali vinapokutana pana mpaka, wakati mwingine mweusi kidogo, wenye umbo la ulimi. Shoka lililotengenezwa leo kwa chuma cha kiwandani halina mistari wala mpaka. Likimwagiwa tindikali ili lionekane kongwe, linaliwa sawasawa kila mahali kama embe lililotafunwa na funza wenye nidhamu. Kutu ya kweli ina ubaguzi. Inapenda pembe, inapenda chini ya mikanda ambako unyevu hujificha, inaogopa mahali mkono ulipopita.

Baada ya hapo ndipo Mzee hutafuta chapa. Watu wengi huanza na chapa, naye huona ni sawa na kuamua tabia ya mtu kwa kusoma kitambulisho chake.

Za Kifaransa ndizo zenye adabu. Wafaransa waliweka mifano rasmi, na mfano wa 1833 ndio unaosakwa zaidi: kichwa chenye mwiba ulioinama, mikanda, kulabu ya mshipi, na mara nyingi nanga ndogo iliyogongwa kwenye chuma. Mwaka huohuo ulitolewa upanga mfupi wa baharia uliofuliwa katika kiwanda cha dola cha Châtellerault, wenye nanga kwenye bapa na kinga ya mkono ya chuma cheusi iliyobinuka kama bakuli. Mabaharia wa Kifaransa waliubatiza jina la upawa, na ukiuona utawaunga mkono. Mgongoni mwa bapa hukutwa jina la kiwanda, na hapo historia ya Ufaransa inajiandika yenyewe: mfalme alipokuwepo kiwanda kilikuwa cha kifalme, alipoondoka kikawa cha taifa, kisha cha kaizari. Juu ya hayo, silaha za jeshi lao la majini zilipewa herufi ya bandari na namba ya hesabu. B ni Brest, T ni Toulon, C ni Cherbourg, L ni Lorient, R ni Rochefort. Unaweza kushika kitu na kujua ni ghala la mji gani lililokihesabu.

Mashoka ya Kimarekani unayajua kwa meno. Chini ya ubapa, upande unaoelekea mkono, yamekatwa hatua chache kama za msumeno mkubwa. Wanunuzi huamini meno hayo ni ya kuraruria nyama. Ni ya kuburutia. Unalitupa shoka juu ya rundo la kamba zinazowaka, unavuta, meno yanakamata, rundo linakufuata. Hata leo nikiona picha ya meno yale najisikia kumpa mkono yule aliyeyabuni, maana aliyafikiria akiwa amewahi kuvuta.

Mashoka ya Kiingereza ni kazi ngumu, na Mzee, kwa kuwa ni Mwingereza, anayapenda kwa sababu hiyo. Yalitengenezwa na wahunzi wengi wa kandarasi, hayana mapambo, na mara nyingi kilichopo ni mshale tu: ule mshale mpana wenye mistari mitatu, alama ya mali ya serikali. Ukiwa na herufi BO pembeni yake, unasema idara ya silaha iliyovunjwa 1855. Ukiwa na WD, unasema wizara iliyoirithi. Lakini mshale peke yake hausemi mwaka, kwa sababu uligongwa kwenye kila kitu hadi karne ya 20: bunduki, ndoo, nguo za wafungwa. Ukikuta mishale miwili imegusana ncha, ina maana kitu kimeuzwa nje ya jeshi kihalali. Mzee huiona mishale hiyo miwili kama cheti cha talaka.

Na kwa kuwa mshale una bei, hugongwa na wengine pia. Siku moja alinipa lenzi, akaniambia nitazame mshale mmoja kwa dakika tano bila kuzungumza. Dakika ya kwanza niliona mshale. Dakika ya tatu niliona kwamba vishimo vya kutu vilivyouzunguka viliendelea hadi ndani ya mistari yake, ila mle ndani vilikuwa vimebanwa, vimelala bapa kama mchwa waliokanyagwa. Kutu ilitangulia, chapa ikafuata. Chapa iliyopigwa chuma kikiwa kipya hufanya kinyume: inainua ukingo mdogo wa chuma pembeni, ukingo unalainika kwa miaka, kisha kutu inakuja na kula chapa na ukingo bila kubagua. Nilipomrudishia lenzi nilikuwa na jasho, ingawa chumba kilikuwa baridi.

Hila nyingine ni ile ya "kilitoka kwenye meli iliyozama". Hii haikunipata, na shukrani nazitoa Mombasa. Katika makumbusho ya Fort Jesus kuna vitu vilivyoinuliwa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome ile mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Aliyekwenda pale ameona bahari inavyokifanyia chuma. Inakivika gamba gumu la chokaa na mchanga, na chumvi inaingia hadi moyoni. Ukikitoa ukakiacha kikauke bila kukitibu, kinachanika matabaka kama chapati. Kwa hiyo mtu akikuonyesha shoka safi lenye kutu ya kahawia ya kupendeza na mpini wake mzima, akakwambia lilikaa miaka mia mbili chini ya maji, mshukuru, umuage, uende zako.

Mpini ndio unaotupatanisha mimi na Mzee, maana sote ni watu wa mbao, yeye kwa kazi na mimi kwa kuzaliwa. Mipini mingi ya Ulaya ni ya ashi, mti mweupe, mwepesi, unaomeza mtetemo. Ya Marekani mara nyingi ni ya hikori. Mti hunywea kadiri miaka inavyopita, chuma hakinywei. Kwa hiyo kwenye shoka lenye mpini wake wa asili, ule mti umezama kidogo chini ya kingo za mikanda; ukipitisha kidole unasikia ngazi ndogo, unene wa karatasi mbili au tatu. Mpini uliobadilishwa mwaka jana umekaa sawasawa na chuma, kana kwamba wamezaliwa pamoja. Na kuna mng'aro. Shoka la baba lilikuwa na mng'aro sehemu mbili, mkono wa chini mwisho kabisa, mkono wa juu karibu na kichwa, na kati yao palikuwa na ukavu wa kijivu ambao mikono haikupagusa. Mzee aliponionyesha shoka moja la Kiingereza lililong'aa mpini mzima kama meza ya benki, mimi ndiye niliyesema kabla yake: "Hili limepakwa rangi ya viatu." Alilinusa. Ilikuwa hivyo. Siku hiyo alinitengenezea chai mwenyewe.

Kwenye ukuta ana panga tatu tu. Mmoja ni wa mfano wa Kiingereza wa 1804, wenye kinga ya bati la chuma iliyokatwa kama namba nane na kupakwa rangi nyeusi, na mshikio wa chuma wenye mifereji. Kitu kibaya cha kutazama, kizito, kisicho na madaha. Nilipokishika mara ya kwanza nilifikiria Unguja. Manowari London ya Uingereza, ya mbao, iliyoshushwa majini 1840, ilitia nanga mbele ya mji wetu kuanzia 1874, na mashua zake zilizunguka kati ya Unguja na Pemba zikisaka majahazi ya watumwa, mabaharia wakiwa na panga fupi viunoni. Upanga ulikuwa wa mfano wa baadaye, lakini kazi ilikuwa ileile ya kusogea ubavuni na kuruka. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa meli hiyo alilisogelea jahazi moja karibu na Pemba lililopeperusha bendera ya Ufaransa, ili akague hati zake, na akauawa hapo hapo. Wakati huo mambo ya kuvamia meli Ulaya yalikuwa yamekwisha kuwa hadithi za babu. Kwetu yalikuwa bado yanatokea, ndani ya mashua, mita moja juu ya maji. Uingereza iliendelea kugawa upanga mfupi kwa mabaharia wake hadi 1936.

Kuhusu kutunza, Mzee hana maneno mengi. Hapigi msasa. Huondoa kutu iliyolegea kwa kijiti cha mfupa na mafuta mepesi, kwa wiki nzima kama ikibidi, kisha nta. Aliwahi kusema kuwa mtu aliyeng'arisha shoka la 1833 likawa kama kijiko amefuta ukurasa wa kitabu ili karatasi iwe nyeupe.

Marejeo anayo. Juzuu mbili za William Gilkerson kuhusu silaha za wavamizi wa meli, zilizotoka 1991 na 1993, zimechakaa mgongoni kama msahafu wa mwalimu wa madrasa. Gilkerson alikuwa mchoraji wa bahari, na michoro yake inaonyesha yale ambayo picha za kamera huyapoteza. Lakini kwenye rafu ya chini kabisa Mzee ana mashoka saba ambayo karatasi zake zimeandikwa neno moja, "Bado". Moja limekaa hapo miaka kumi na tisa. Mwiba ni wa Kifaransa, tundu si la Kifaransa, na chapa ni herufi mbili ambazo hakuna kitabu kinachozijua. Wauzaji wawili wamemshauri aliite la Kihispania, alitoe mnadani. Analitoa kila baada ya miezi michache, analiweka mezani, analitazama, analirudisha.

Mwezi uliopita aliniita nije nione jipya. Lilikuwa limetoka kwenye banda la familia moja ya Brest, na kwa mbali lilisema kila kitu: nanga, B, namba, mikanda, kulabu. Makali yamelambwa, kona ya juu imeliwa. Mti umezama chini ya mikanda. Nilishusha pumzi, nikadhani kazi imekwisha. Mzee akalishika kwa kichwa, akaligeuza chini juu, akailaza tochi.

Pale mkanda wa kushoto unapoachana na kichwa kuna upenyo mwembamba usiozidi ukucha. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi. Nilichukua lenzi. Zilikuwa nyuzi, tatu au nne, zimesokotana, zimeganda kwa kitu kilichong'aa kidogo kama lami.

"Kamba," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo.

"Katani," akasema. "Na lami, pengine." Alinyamaza. "Au ni kamba ya mkulima aliyelitundika ghalani mwaka 1950. Hao nao walipaka lami."

Juu ya meza kulikuwa na kibanio, na kile kijiti cha mfupa. Niliviangalia. Yeye pia aliviangalia. Kisha akachukua karatasi ndogo, akaandika tarehe, akaandika upande ambao upenyo upo, na chini yake maneno mawili: nyuzi, hazikuguswa. Akalifunika shoka kwa kitambaa, akaenda kubandika maji ya chai.